Magari Yaliyozaliwa Bila Indiketa

Kila wanapokutana wapenzi wa magari ya kale, ubishi mmoja haukosi kuzuka. Mmoja anasema kutoboa bodi ya gari la 1930 ili kulifungia taa za rangi ya chungwa ni kuliharibia heshima yake. Mwingine anajibu kwamba gari lisiloweza kuwaambia wenzake linakoelekea ni hatari barabarani, liwe zuri namna gani. Mimi niko na huyu wa pili, na si kwa ajili ya usalama peke yake. Ukiifuata historia ya indiketa tangu mwanzo, utaona kwamba kwa miongo kadhaa ilikuwa kitu cha kuongezewa: wenye magari waliinunua dukani, wakaipeleka kwa fundi, naye akaitafutia nafasi kwenye nyaya zilizokuwapo. Anayeongeza indiketa leo kwenye gari la babu yake anafanya jambo ambalo huyo babu mwenyewe angeweza kulifanya.

Kabla ya umeme: mkono nje

Ishara ya kukata kona ilikuwapo kabla ya gari. Waendesha magari ya farasi wa Uingereza waliionyesha kwa mjeledi. Gari la injini lilipofika, dereva wake alikaa mahali pa wazi kama wao, bila kioo ubavuni, naye akatumia mkono. Mkono ulitosha. Mwendo ulikuwa mdogo, magari yalikuwa machache, na wengi hawakupenda kuendesha usiku.

Hata hivyo ilikuwapo sababu ya kifundi ambayo husahaulika: magari mengi hayakuwa na umeme wa kutegemewa. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa 1908, ilitoka na taa za gesi ya asetilini mbele na za mafuta ya taa nyuma. Ilipopewa taa kubwa za umeme mwaka 1915, umeme huo ulitoka moja kwa moja kwenye magneto ya injini. Injini ikienda mbio taa zilikuwa kali, ikienda polepole taa nazo zilififia. Lakini indiketa huhitajika hasa pale gari linapopunguza mwendo au linaposimama kwenye njia panda, na hapo ndipo magneto hutoa umeme kidogo zaidi. Bila betri, taa ya ishara isingekuwa na maana.

Mageuzi yalianzia upande mwingine kabisa. Mwaka 1912 Cadillac ilileta gari lenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco. Stata ilihitaji betri kubwa, betri ikahitaji dinamo ya kuichaji, na vyote viwili vikahitaji nyaya na swichi. Lengo lilikuwa kumwondolea dereva adha ya kuzungusha hendeli, ila matokeo yake yalikuwa makubwa zaidi: gari likawa na akiba ya umeme hata likiwa limesimama. Model T ilipata stata na betri ya voti 6 mwaka 1919. Ndiyo maana hadi leo mwenye Model T huulizwa na fundi, kabla ya swali lingine lolote, kama gari lake lina betri.

1907 hadi 1925: wavumbuzi wasiosikilizwa

Wazo lenyewe halikuchelewa. Mwaka 1907 Percy Douglas-Hamilton aliomba hataza Marekani kwa kifaa cha taa zenye umbo la viganja vya mikono, cha kufungwa kwenye gari ili kuwaonyesha wengine upande ambao dereva anakusudia kwenda. Napenda jinsi alivyofikiri. Watu walishaujua mkono, kwa hiyo naye alitengeneza mkono wa taa.

Miaka michache baadaye akaja mtu ambaye hakutarajiwa. Florence Lawrence, mzaliwa wa Hamilton, Kanada, alikuwa nyota wa filamu zisizo na sauti na mmoja wa waigizaji wa kwanza kutangazwa kwa majina yao. Alipenda magari, aliyaendesha mwenyewe, na aliyatazama kwa jicho la fundi. Mnamo 1914 hivi alibuni mkono wa ishara uliofungwa nyuma ya gari. Dereva alibonyeza kitufe, bendera ikainuka kuonyesha upande. Aliongeza na kibao chenye neno la kusimama, ambacho kilijitokeza dereva alipokanyaga breki. Mama yake, Charlotte Bridgwood, alikuwa mvumbuzi vilevile, na mwaka 1917 alipata hataza ya waipa za umeme. Binti hakuchukua hataza ya mkono wake, hivyo hakuambulia hata senti moja kwa wazo ambalo viwanda vyote vingekuja kulihitaji.

Edgar Walz yeye alichukua hataza yake, mwaka 1925, na bado hakupata kitu. Alijaribu kuviuzia viwanda vya magari taa za ishara, vikamkatalia. Hataza ikaisha muda wake mikononi mwake. Ninavyoona, tatizo halikuwa ubora wa kifaa chake. Viwanda viliuza uzuri, nguvu na bei, ilhali indiketa humsaidia kwanza yule aliye nyuma yako, ambaye hajanunua gari lako. Mpaka mnunuzi mwenyewe aanze kuiona kama raha yake, hakuna kiwanda ambacho kingetaka kuigharimia.

Miaka ya 1920: bodi zafunikwa

Mnunuzi alianza kuiona hivyo gari lilipopata paa na vioo. Mwanzoni mwa muongo huo magari mengi ya Marekani yalikuwa ya wazi, na ya kufunikwa yalikuwa ya matajiri. Kisha mwaka 1922 kampuni ya Hudson ikatoa gari la kufunikwa aina ya Essex kwa bei ya kushangaza, na ikazidi kuipunguza hadi gari la kufunikwa likawa la mtu wa kawaida. Wengine wakafuata. Kabla ya muongo kwisha, la wazi ndilo lililoonekana la ajabu.

Ndani ya chumba cha vioo, mkono wa dereva ukawa mfungwa. Kutoa ishara sasa kulimaanisha kushusha kioo, na mvua au theluji ikaingia. Mmarekani, ambaye usukani wake uko kushoto, aliunyoosha mkono kwenda kushoto, na kwa kona ya kulia akaukunja kuelekea juu. Mwingereza, ambaye usukani wake uko kulia, aliunyoosha akienda kulia na kuuzungusha hewani akienda kushoto. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kilifundisha ishara hizo, na kikawafundisha waendesha farasi za mjeledi pia. Afrika Mashariki, inayopita kushoto, ilirithi ishara hizohizo, na wapo walimu wa udereva wanaozifundisha mpaka sasa. Udhaifu wake ni kwamba usiku hazionekani, na upande wa pili wa gari pana mkono hauonekani hata mchana.

1928 hadi 1961: kijimkono cha Ulaya

Ulaya ilijibu kwa kumtengenezea dereva mkono wa chuma. Mwaka 1928 Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza kifaa ilichokiita Winker: kijimkono kilicholala ndani ya ubavu wa gari na kuchomoza kikiwa na taa ndani yake pale dereva alipogeuza swichi. Uingereza ikatengeneza vijimkono vyake, kampuni ya Lucas ikiwa mstari wa mbele. Mwanzoni viliuzwa kama nyongeza, na wenye magari wakaenda kuvifunga gereji. Baadaye vikawa sehemu ya gari jipya. Hata leo ukaguzi wa magari nchini Uingereza hautaki indiketa kwenye gari lililoanza kutumika kabla ya Januari 1936.

Kifaa hiki kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mwenye gari la miaka ya 1950 atakutana nacho. Ndani ya mwanya mwembamba nyuma ya mlango mna koili ya waya wa shaba. Umeme ukiingia, koili hugeuka sumaku na kuuvuta chini mchi mdogo wa chuma. Mchi huo umeshikamana na shina la kijimkono, kwa hiyo ukishuka, kijimkono hufyatuka kutoka kwenye klipu yake na kusimama kwa ulalo, kikiwa na globu ndogo ndefu nyuma ya plastiki ya rangi ya chungwa. Umeme ukikatwa, kijimkono huanguka kwa uzito wake na klipu hukishika tena ili kisichezecheze gari likipita kwenye mashimo.

Adui zake ni vumbi, grisi iliyoganda na rangi. Gari likipigwa rangi upya na mchoraji asiyejua, rangi hukigandisha kijimkono ndani ya mwanya. Koili huvuta, kijimkono hakitoki, na dereva asiposhtuka mapema koili huungua. Ama kwa vumbi, hatuna haja ya kuelezwa. Mbio za Safari za Afrika Mashariki zilipoanza mwaka 1953, Volkswagen ilijijengea jina katika barabara hizo za udongo, na Beetle za miaka hiyo zilitoka kiwandani na vijimkono ubavuni.

Vijimkono viliishi muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Beetle zilizopelekwa Marekani zilibadilishiwa taa za kuwaka na kuzima mwaka 1955, ilhali za Ulaya zilisubiri hadi 1960. Morris Minor, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuzinduliwa London mwaka 1948, ilikuwa navyo hadi 1961, mwaka uleule wa kusherehekea kufikisha gari la milioni moja.

1939: Buick na taa ya kuwaka na kuzima

Marekani haikukipenda kijimkono. Jibu lake lilikuja na Buick za 1939, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 1938, mwaka ambao Florence Lawrence alifariki. Buick hizo zilikuwa na taa ya ishara nyuma, kwenye nembo ya buti, na swichi yake ilikuwa kwenye ncha ya mti wa gia chini ya usukani. Mwaka uliofuata wakaongeza taa za mbele, tena swichi ikawa inajirudisha yenyewe usukani unaponyooka. Hiyo ya kujirudisha naiona kuwa hatua kubwa kuliko taa zenyewe. Ishara iliyosahauliwa ikiwaka ni uongo, na uongo barabarani ni mbaya kuliko ukimya.

Siri ya taa hizo ni kikopo kidogo kinachoitwa flasha. Kwenye flasha za Lucas, zilizotumika kwa miaka mingi, mna waya mwembamba uliokazwa, ambao umevuta mguu wa swichi na kuuweka mbali. Dereva akichagua upande, umeme hupita kwanza kwenye waya huo, nao hupata moto na kurefuka. Mguu ukilegea hugusa mwenzake, na umeme wote huenda kwenye globu bila kupitia waya. Waya hupoa, hujikaza, huvuta mguu, taa huzima. Kisha mzunguko huanza upya, pamoja na ule mlio wa tik-tak ambao kila dereva anaujua. Hakuna saa humo ndani wala akili ya kuhesabu. Kiasi cha umeme unaovutwa na globu ndicho kinachopanga mwendo. Globu moja ikiungua, mpigo hubadilika na dereva hujua kuna kasoro. Baadaye kanuni ziliweka mpigo kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Miaka ya 1950 na 1960: voti na rangi

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilisimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia. Viwanda viliporudi kazini, taa za kuwaka na kuzima zilienea haraka, na zilikuta mfumo wa umeme ukibadilika. Magari yalikuwa yameongezewa redio, hita na injini kubwa zenye kuhitaji stata yenye nguvu, na voti 6 zikaanza kuelemewa. General Motors ilianza kuhamia voti 12 kwenye baadhi ya magari yake mwaka 1953. Ford na Chrysler zilifuata kufikia 1956. Beetle ilingoja hadi modeli ya 1967.

Tofauti hii inamgusa fundi moja kwa moja. Globu mbili za wati 21, ya mbele na ya nyuma, huvuta ampea 3.5 kwenye voti 12. Kwenye voti 6 huvuta ampea 7, kwa hiyo waya lazima uwe mnene maradufu. Kutu ikiiba nusu voti njiani, gari la voti 12 limepoteza asilimia 4 tu. La voti 6 limepoteza asilimia 8, na mwanga wa globu hupungua kwa kasi kuliko voti zenyewe. Ndiyo maana wengi hudhani voti 6 ni dhaifu kwa asili, ilhali kosa liko kwenye viungo vichafu na nyaya nyembamba.

Rangi nayo ilikuwa na safari yake. Taa za mbele za ishara zilikuwa nyeupe, na mara nyingi zilipotea karibu na taa kubwa. Za nyuma zilikuwa nyekundu, zikishiriki globu na breki. Kuanzia modeli za 1963 Marekani ilihamia rangi ya kaharabu kwa taa za mbele, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ukaiweka rangi hiyo kwa indiketa za pande zote. Marekani iliendelea kuruhusu nyekundu nyuma, na inaruhusu hadi sasa.

Leo: kazi yenyewe kwenye Morris Minor

Tuchukue Minor ya miaka ya 1950, gari ambalo bado linapatikana Afrika Mashariki. Vijimkono vyake vinaweza kufanya kazi vizuri kabisa, ila dereva wa leo haangalii nguzo ya mlango. Macho yake yako kwenye kona za gari, akitafuta taa inayowaka na kuzima. Bodaboda anayepita ubavuni hana habari na kijimkono mpaka kimguse.

Kabla ya kushika waya wowote, fundi atazame betri. Magari mengi ya Uingereza ya enzi hiyo yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Kwa globu na flasha ya waya wa moto hilo halina shida. Flasha nyingi za elektroniki, hata hivyo, zimetengenezwa kwa hasi kwenye bodi, na zikifungwa kinyume huungua papo hapo. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu flasha ya dukani ilichukuliwa bila kuulizwa.

Umeme wa indiketa uchukuliwe mahali sahihi. Kwenye kisanduku cha fyuzi cha Lucas kuna pini nne. A1 hupokea umeme wa betri, na A2 ni umeme huo uliopita kwenye fyuzi. A3 huja baada ya swichi ya funguo, na A4 ni huo uliokwisha kupita kwenye fyuzi ya pili. A4 ndipo pa kuchukulia, kwa waya wa kijani. Kutoka hapo umeme huenda kwenye pini B ya flasha, hutokea pini L kwenda kwenye swichi, na pini P huwasha taa ndogo ya dashibodi. Kutoka kwenye swichi, kijani chenye mstari mwekundu huenda kushoto, na chenye mstari mweupe kulia. Fundi anayefuata rangi hizi anamtendea wema fundi atakayelifungua gari hilo miaka ishirini ijayo.

Swali gumu ni taa za nyuma. Asiyetaka kutoboa bodi anaweza kutumia njia ambayo viwanda vya Uingereza vyenyewe viliitumia miaka ya 1950 kwenye MGA, Austin-Healey na baadhi ya Minor: kisanduku cha rilei cha Lucas, DB10. Ukikanyaga breki, taa zote mbili huwaka. Ukichagua kona ya kulia, rilei huitenga taa ya kulia na breki na kuikabidhi kwa flasha, huku ya kushoto ikiendelea kuonyesha breki. Ni ufumbuzi wa kiasili, na kwa gari la zamani hizo sheria ya Uingereza inaukubali. Mimi hata hivyo ningeshauri taa mbili za ziada za rangi ya chungwa, zifungwe kwenye mabano ya bampa bila kugusa bodi. Taa za nyuma za gari hilo ni ndogo, na nyekundu inayowaka na kuzima kando ya nyekundu inayowaka moja kwa moja humchanganya mtu mchana wa jua kali.

Kila taa ipewe waya wake wa kurudisha umeme kwenye bodi, uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Taa iliyokosa njia hiyo hutafuta nyingine kupitia globu ya jirani. Ndipo unapoona taa ya kuegesha ikiwaka na kuzima pamoja na indiketa, na mwenye gari akabadilisha flasha tatu bure.

Dinamo za enzi hizo zilitoa kama ampea 20 zikienda kasi, na karibu na sifuri injini ikipumzika. Usiku, kwenye foleni ndefu, taa kubwa na indiketa hula betri moja kwa moja. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kutumia globu za LED, zinazovuta sehemu ndogo tu ya umeme huo. Lakini umeme ukiwa mdogo kiasi hicho, waya wa ndani ya flasha ya zamani haupati moto wa kutosha, na taa hubaki bila kuzima. LED zinataka flasha ya elektroniki, na kwa Minor ambayo haijageuzwa, lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa chanya kwenye bodi. Taa nne za dharura nazo zipewe flasha yake pekee, kwa kuwa ile ya globu mbili haikupimwa kwa mzigo wa nne.

Vijimkono havina haja ya kung'olewa. Koili yake inataka umeme usiokatika, kwa hiyo swichi huongezewa njia ya pili isiyopita kwenye flasha: kijimkono husimama kikiwaka muda wote, na taa za kona hupiga mpigo wake.